Kinga ya Mitumba

4 Februari

Mwalimu,

Kabla hujauliza: nimekula, nimekunywa dawa, na homa sina. Dada amenipima asubuhi na atanipima tena jioni, maana tangu aje kukaa nami kipimajoto hakimtoki mkononi. Sasa tuongee mambo ya maana.

Hivi kweli unalala kwenye stoo ya shule? Dada anasema kitanda chako ni madawati yameunganishwa, godoro juu yake, na ukutani kuna ramani ya dunia iliyoliwa na mende. Mtu mzima, mume wa mtu, unalala na mipira iliyopasuka! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakumbuka kwamba mbavu zangu siku hizi zinauma hata nisipocheka.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Kumbe kelele zote zile zilikuwa zako. Asubuhi hakuna anayetafuta soksi, hakuna anayeimba jikoni akikosea maneno. Nina hamu na wewe, Mwalimu. Neno hili naliandika hivyo hivyo bila kulipamba, kwa sababu siku ulipoondoka na begi lako nilishindwa kulitamka, nikabaki kukuuliza kama umechukua mswaki.

Jana nilichanjwa ile chanjo ya nimonia. Nilimwambia daktari anieleze ugonjwa wangu kama fundi cherehani, siyo kama msomi. Akachukua karatasi akachora mfupa. Akasema ndani ya mfupa, kwenye uboho, kuna kiwanda. Humo kuna seli zinazoitwa seli B, na zikikomaa zinakuwa mafundi wa kutengeneza kingamwili. Kila fundi ana mshono wake: huyu wa surua, yule wa mafua, yule wa nimonia. Kwangu mimi fundi mmoja ameharibika akili. Anazaa wenzake wanaofanana naye kama sare za shule, na wote wanashona kitu kimoja tu, bila kupumzika. Hiyo ndiyo saratani yenyewe.

Nikamwambia, "Yaani kiwanda kizima kinashona mikono ya kushoto, shati hakuna?" Akacheka, akasema ndivyo hasa, na mafundi wazuri wamekosa hata pa kukaa. Kwa hiyo damu yangu imejaa kinga, lakini kinga yenyewe haivaliki.

Mwezi ujao watanipima waone kama mafundi wazuri waliobaki wameushika mshono wa chanjo. Uliniambia daktari alikwambia hivi: kinga ikipanda, urudi nyumbani, isipopanda, ukae mbali nami kwa sababu ya vikohozi vya watoto wa darasa lako. Basi nasubiri. Mkono uliochomwa sindano umevimba kidogo, nami nafurahi. Nauambia, vimba, mama, vimba.

Fundi wako

7 Februari

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Mahali fulani umeruka nukta, lakini nimekusamehe.

Kwanza niitetee stoo yangu. Mende hawakula dunia nzima, wamekula bahari tu. Nchi kavu ipo. Na hiyo mipira unayoicheka haikoromi, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kila mtu niliyewahi kulala naye chumba kimoja. Naoga kwenye bomba la nyuma ya ofisi kabla walimu wenzangu hawajafika. Mwalimu mkuu anajifanya haoni.

Leo nimefuta pua za watoto mpaka leso zimenishinda. Nusu ya darasa inakohoa. Wanakohoa huku wanasoma silabi, wanakohoa huku wanacheka, na hakuna kati yao anayejali. Mimi kila kikohozi kikitoka naona ile wodi ya wanawake na wewe una bomba la hewa puani. Mwezi wa kumi na mbili nilikuja nyumbani na kikohozi ambacho hakikunizuia hata siku moja kwenda kazini. Wewe kilikulaza hospitali, nusura ufe.

Kwa hiyo tuvumilie, mke wangu. Chanjo itafanya kazi yake. Wewe ni mtu wa kushika mshono haraka, sioni kwa nini mafundi wako wa ndani wawe wazito.

Jioni natembea. Wakati mwingine miguu inanipeleka mtaa wetu bila kuniomba ruhusa. Jumapili nilisimama kwa fundi viatu, ng'ambo ya barabara, nikajifanya soli imeachia. Dirisha letu lilikuwa wazi. Nilikuona umeinama juu ya mashine, umevaa ile sweta yangu ya kijivu. Fundi viatu akaniambia, "Mwalimu, kiatu hiki kizima." Nikamwambia hebu kitazame tena vizuri.

Mwalimu wako

10 Machi

Mwalimu,

Leo wametoa damu. Muuguzi alitafuta mshipa kwenye mkono huu, akakosa, akahamia ule, akawa ananiomba samahani kila akichoma, mpaka nikamwambia aache adabu atoboe. Foleni ilikuwa ndefu, ukumbi umejaa watu wa rangi ya majivu kama mimi. Mama mmoja pembeni yangu ana ugonjwa huu huu, mwaka wa tisa sasa, na mdomo wake mzima kabisa: alimsema mumewe kuanzia tulipokaa mpaka tulipoitwa. Mumewe alikuwa amekaa hapo hapo, anamshikia mkoba, anatabasamu. Niliwaonea wivu mpaka machozi yakanilenga.

Majibu nitayapata wiki ijayo. Usije kwa fundi viatu tena, atakutoza hata pasipo na kazi.

Fundi wako

24 Machi

Fundi,

Wiki ijayo ilishapita. Namwuliza Dada akipita hapa, anasema, "Mwulize mwenyewe," halafu anaanza kusifia usafi wa uwanja wa shule, na sote tunajua uwanja wa shule ulivyo.

Mimi nimeshafunga begi. Cheka ukipenda. Nimekunja nguo, nimeweka begi mlangoni, na asubuhi nalifungua kutoa shati, jioni nalifunga tena. Nimemwambia mwalimu mkuu kwamba mwisho wa mwezi stoo yake nitamwachia.

Lakini huandiki. Sasa nimeanza kuwaza mambo ya kipuuzi. Labda umezoea. Labda wewe na Dada yako mmekaa raha mustarehe, hakuna wa kuwaharibia sabuni wala kuacha taulo kitandani, na mnajiuliza huyu bwana mlikuwa mnamhitaji wa nini. Kama ni hivyo niambie tu. Nitaumia, lakini nitajua.

Mwalimu

25 Machi

Mwalimu,

Acha ujinga. Majibu bado, mashine ya maabara imeharibika. Wakiitengeneza nitakwambia.

Nimezoea nini? Taulo lako nimeliacha lilipokuwa. Dada alitaka kulifua, tukagombana kama watoto.

Fundi wako

2 Aprili

Shemeji,

Mimi siyo mtu wa kuandika, nitasema kwa kifupi na wewe usome umekaa.

Mdogo wangu amelazwa tangu juzi. Homa ilipanda ghafla, akaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana, nikamwita jirani mwenye gari. Ni nimonia tena. Yuko kwenye hewa ya mashine, anatambua watu, ameniambia nimchane nywele. Mtu anayetaka kuchanwa nywele hajakata tamaa, kwa hiyo na wewe usikate.

Kuna jambo nalisema bila ruhusa yake, akipona atanisema na nitanyamaza. Maabara haikuharibika kitu. Majibu anayo tangu wiki ile ile. Kinga haikupanda. Daktari alisema mwili wake umeiona chanjo ukaipita kama haukuiona. Alikuja nyumbani akakaa kitandani na karatasi yake, akaniambia, "Dada, nikimwambia, hatarudi tena." Ndiyo sababu alikuficha. Mimi nilimwambia ni vibaya, akaniambia nishughulike na kipimajoto changu.

Saa za kutazama wagonjwa ni jioni. Njoo.

Shemeji yako

4 Aprili

Mke wangu,

Nipo getini. Barua hii Dada ataipitisha. Mimi siingii.

Usikasirike. Nilifika mpaka mlango wa wodi juzi, nikaona miguu yako chini ya shuka, nikajua ni yako kabla sijaona kichwa. Nikageuka. Darasani kwangu kuna watoto wana homa, nimewabeba, nimewafuta pua, sijui nimebeba nini kwenye nguo hizi. Wewe huna hata shati la kinga. Ningeingiaje?

Kwamba ulinificha, sina hasira. Nimeumia tu kwamba ulilibeba peke yako, na mimi nikakuandikia yale maneno ya taulo. Nifutie.

Nimelifungua begi, nguo nimezipanga kwenye rafu ya vitabu. Nitakaa stoo mwaka mzima, miwili, hata nikistaafu humo humo, mradi nijue upo upande wa pili wa mji unapumua. Hilo linanitosha. Hapana, halinitoshi, lakini nitalifanya litoshe. Pumua tu.

Mwalimu wako

9 Aprili

Mwalimu,

Leo nimeruhusiwa kukaa kwenye kiti, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimekaa kama mtu. Homa imeshuka. Nimesikia kwamba kila jioni unamhoji mlinzi wa geti habari zangu kana kwamba yeye ndiye daktari bingwa. Maskini, amefika hadi wodini kuniuliza, ili apate la kukujibu.

Kwanza habari ya dripu. Wamenitundikia chupa ya kingamwili za watu wengine. Muuguzi anasema wachangiaji ni maelfu. Damu yao imechujwa, ikatolewa kinga tu, ikachanganywa pamoja. Nitakuwa naipata kila mwezi, kwa kuwa mafundi wangu mimi ndiyo hivyo tena. Nilikaa naitazama inavyodondoka. Humo kuna mtu aliugua surua utotoni akapona, kuna mtu alikohoa mwaka juzi akapona, na wote hawanijui. Nikamwambia muuguzi, "Kumbe hii ni kinga ya mitumba!" Wodi nzima ikaangua kicheko, hata yule bibi wa kitanda cha dirishani ambaye huwa hacheki. Lakini unanijua, mtumba ukiwa mzuri nausifia. Huu umenikaa.

Sasa la pili, na hapa ukae sawasawa.

Nilimwuliza daktari, "Kama kinga naletewa, mume wangu anaweza kurudi?" Akavua miwani. "Arudi kutoka wapi?" Nikamweleza: stoo, madawati, amri yake aliyokupa. Mwalimu, yule mtu alinitazama kama namtania. Akasema hajawahi kumwambia mume wa mgonjwa ahame kwake. Alichokwambia ni uchanjwe, unawe mikono ukifika, uvue nguo za shule, na ukiumwa ukae chumba kingine, uvae barakoa mpaka upone. Basi. Hayo tu.

Nilirudi kitandani nikageukia ukutani. Mawazo mabaya yalinijia, sikufichi: kwamba umechoka na harufu ya dawa, kwamba kuna mtu huko. Nilikasirika mpaka muuguzi akaja na kipimo cha presha. Halafu nikamkumbuka mwanamume anayempa fundi viatu kiatu kizima akitazame tena. Aliyemchoka mkewe hafanyi hivyo. Ulikiogopa kikohozi chako. Ukajihukumu mwenyewe, ukajifukuza mwenyewe kama unavyomrudisha kwao mtoto mwenye tetekuwanga, halafu ukamsingizia daktari ili mimi nisibishe. Kichwa kigumu wewe!

Basi sikia. Nilimwuliza nimonia ya safari hii imetoka wapi, maana wewe hukuwepo. Akasema vidudu vile vinaishi kooni mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru, na inawezekana kabisa nilikuwa navyo mimi mwenyewe. Wewe umelala kwenye madawati miezi yote hii unanilinda, na ugonjwa umetoka kwenye koo langu.

Maradhi haya hayaponi, Mwalimu. Yanatulizwa, yanarudi, yanatulizwa tena. Wako wanaoishi nayo miaka mingi, kama yule mama wa mkoba, na wako wasioishi. Mimi sijui ni wa upande gani. Ila mwezi wa pili nilikuwa na nguvu. Nilikuwa natembea mpaka kwenye kona na kurudi, peke yangu, nikishika kuta za watu. Ningetembea na wewe. Hilo ndilo linaloniuma, siyo mbavu.

Kesho kutwa naruhusiwa. Rudi nyumbani.

Fundi wako, mwenye hasira

11 Aprili

Fundi wangu,

Ni kweli, nilimsingizia daktari. Nimeandika kurasa nikazichana.

Lakini daktari hakuyaona niliyoyaona mimi. Hakuwepo siku ile ya mwezi wa kumi na mbili midomo yako ilipobadilika rangi. Mimi ndiye niliyekushika ndani ya gari, nikikusemesha na wewe hujibu, huku nakohoa, nakohoa, siwezi kujizuia, nakoholea nywele zako. Tangu siku hiyo nikisikia hata mwanafunzi anasafisha koo, moyo unanidunda.

Hiyo kinga ya chupa inazuia yote? Haizuii yote, nimemwuliza muuguzi getini. Inasaidia tu. Sasa nikirudi, nikakuletea tena? Naogopa, mke wangu. Siyo kidogo.

Mwalimu wako

12 Aprili

Mwalimu,

Na mimi naogopa. Njoo tuogopee hapa.

Fundi wako

6 Mei

Fundi,

Nakuandikia kutoka sebuleni. Mlango wa chumbani nimeufunga mimi, kwa hiyo usimsingizie Dada.

Tangu asubuhi pua inachuruzika na koo linawasha. Nilijua tu. Wiki tatu nimenawa mikono mpaka ngozi imepauka, nguo za shule navulia barazani majirani wakiniangalia, nimechanjwa chanjo zote walizonazo, na bado kitoto kimoja kimenipigia chafya usoni nikiwa nakifunga kamba za viatu.

Nimevaa barakoa, madirisha yako wazi, kikombe na sahani yangu nimevitenga. Dada ameniwekea chakula kwenye stuli akakimbia. Nalala kwenye kochi. Lakini nawaza: mlango huu una upenyo chini, na hewa haijui mpaka. Ufunguo wa stoo ninao bado, sikuurudisha. Nikiondoka leo, nikakaa huko siku chache tu mpaka pua ikauke, si itakuwa salama zaidi? Nisukumie jibu chini ya mlango. Ukisema niende, naenda. Wiki tatu hizi zimekuwa nzuri mno, sitaki kuziharibu.

Mwalimu wako

6 Mei

Mwalimu wa sebuleni,

Ufunguo mpe Dada aurudishe shuleni leo hii. Hilo halijadiliwi.

Una mafua. Watu hupata mafua. Dripu yangu nimepata juzi tu, joto langu la kawaida, na namba ya daktari Dada ameibandika kwenye friji kwa herufi ambazo hata kipofu atazisoma. Nikipata homa tutakwenda, wote watatu, na safari hii utaingia mpaka ndani. Kunywa maji ya moto. Acha kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, nimekuona.

Miezi ile ulikuwa unapiga chafya huko na mimi sijui. Leo nimekusikia ukipiga, ukalaani, ukajikwaa kwenye stuli, ukamwomba stuli samahani. Nimekaa kitandani nimecheka peke yangu mpaka nikalia. Sijui nikuelezeje. Ningekuwa na nguvu ningebomoa huu ukuta, lakini nakuahidi sitafungua mlango mpaka upone.

Nimeivuta mashine mpaka ukutani, upande wa kochi lako. Nina marinda ya kumalizia, nitashona polepole ili unisikie ukiwa umelala. Na mashine ikinyamaza, tafadhali, usishtuke na kuanza kuwaza mabaya. Itakuwa nimechoka, nimelala. Lala na wewe.

Fundi wako